Rubani Namba Kumi na Moja

Mwaka ule nilichukua likizo bila malipo kwenye zahanati ya Gungu nilikokuwa muuguzi, nikaajiriwa na watafiti wa chuo kikuu waliokuwa wakichunguza afya ya marubani wa ndege ndogo. Walinipa chumba karibu na uwanja wa ndege wa Kigoma, mashine ya presha na dodoso refu: unalala saa ngapi, umewahi kuruka ukiwa mgonjwa, umewahi kumficha dalili yoyote daktari wa leseni, yule anayempima rubani ili aruhusiwe kuruka. Majina hatukuandika. Kila rubani alikuwa na namba, nami nilitia saini kwamba atakachosema hakitatoka mle ndani.

Namba kumi na moja alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye miaka hamsini na kitu. Alirusha ndege ya injini moja, bila rubani wa pili, akipeleka watalii na kuchukua wagonjwa kwenye viwanja vya udongo kusini mwa ziwa. Nilimpima presha mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa juu sana.

"Kaka, kifua kinauma?"

Aliutazama mlango kwanza. "Hii ni siri kweli, dada?"

"Ni siri."

Akaniambia. Wiki mbili nyuma alikuwa akirudi na mama mjamzito aliyesindikizwa na kaka yake. Juu ya ziwa maumivu yakamshika kifuani, yakapanda mpaka kwenye taya, macho yakaingia giza. Alipozinduka maji yalikuwa karibu mno na yule ndugu alikuwa akimtikisa bega. Akaivuta ndege juu, akatua, akawaambia ulikuwa upepo.

"Nikimwambia daktari wa leseni nimekwisha," alisema. "Sijui kazi nyingine."

Nilipotoka pale nikampigia mtafiti mkuu. Akasema, "Tutalipeleka kwenye kamati ya maadili. Usifanye chochote mpaka tukujibu."

"Watajibu lini?"

"Wiki ijayo, nadhani."

Kesho yake asubuhi namba kumi na moja alikuwa na abiria wanne.

Jioni ile nilipanda bodaboda hadi Ujiji. Nilimkuta barazani kwake ametoka msikitini, kanzu bado mwilini. Nilimsihi aombe mapumziko mwenyewe, aseme ana malaria, aseme lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika.

"Uliniambia ni siri," alisema. Kisha akamwita mkewe aniletee chai. Niliinywa kwa sababu sikujua namna ya kuikataa.

Asubuhi niliwahi uwanjani kabla yake, nikamweleza mkuu wa marubani wa kampuni yake. Wale wanne walirushwa na mtu mwingine, wakaenda na kurudi, wala hawakujua kitu. Namba kumi na moja alitumwa Dar es Salaam kupimwa moyo. Mishipa miwili ilikuwa imeziba. Leseni ikachukuliwa, akapewa dawa na tarehe ya kurudi kwa upasuaji.

Marubani waliobaki walikwisha kusikia habari, ila waliendelea kuja chumbani kwangu, kwa adabu. Nalala vizuri. Siumwi. Sijawahi. Majibu yalifanana mpaka mtafiti mkuu akaamua Kigoma iondolewe kwenye utafiti. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba sasa hatutajua tena nani anaruka mgonjwa.

Namba kumi na moja hakurudi Dar es Salaam. Niliambiwa alikuwa akishinda ndani, dawa ameziacha kwenye mfuko wake, hataki hata kutoka akae barazani. Alikufa mwezi wa tatu tangu anyang'anywe leseni, kitandani, saa nne asubuhi.

Nilikwenda msibani. Mkewe alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake. Nilipiga magoti kumpa pole.

"Wewe ndiye uliyekuja hapa ukanywa chai," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Angeanguka na watu. Hilo nalielewa, sikatai." Alikuwa akiongea taratibu, sauti imekauka. "Lakini alikuamini. Miaka yote tuliyoishi pamoja, na hakuniambia mimi, akakwambia wewe."

Akanionyesha nafasi ukutani, nyuma ya wote, nami nikaenda kukaa pale mpaka walipomtoa marehemu kwenda kumzika.