Asya na misuli ya Khamis

Siamini bado. Alhamisi asubuhi nilikuwa naye lab. Ijumaa tumemzika kisiwani kwao, Makoongwe.

Kwa msiomjua: Asya alikuwa mtaalamu wa maabara hapa Chake, na shoga yangu tangu skuli.

Mdogo wake, Khamis, alishindwa kutembea tukiwa bado wanafunzi. Asya akimbeba mgongoni mpaka kwenye boti, na alikuwa mzito yule! Khamis akafariki hajaota ndevu. Watu wakasema mama yake alimwangusha akiwa mchanga.

Neno hilo ndilo lililompeleka Asya chuo.

Akarudi na jibu. Ndani ya seli ya msuli mna kiunzi cha protini. Kinaishika seli isichanike msuli unapovuta, na kinasaidia kupitisha ishara za kuijenga. Khamis alizaliwa bila protini moja ya kiunzi hicho.

Nilikuwepo jikoni alipomweleza mama yake.

"Kwa hiyo sikumwangusha?"

"Hukumwangusha, mama."

"Basi ilitoka wapi?"

Asya akasema kweli: kasoro ile mara nyingi hupita kwa mama, bila mwenyewe kujua wala kutaka. Mama aliweka mbuzi ya nazi pembeni, akalia.

Nilimkasirikia Asya. "Ungemwachia tu!"

"Ameishi na uongo wa watu miaka yote hii," akanijibu. "Wangu hatoupata."

Na moyo nao ni msuli. Asya alijua hata mwanamke aliyerithi kasoro ile anaweza kuugua moyo. Mwaka huu akaanza kusimama katikati ya ngazi, anahema.

"Nenda kapime echo ya moyo, Asya," nikamwambia.

"Nikimaliza hizi slides za wagonjwa."

Kila siku slides. Mimi nikacheka, nikaacha. Hilo nitakufa nalo.

Alhamisi mchana alianguka ngazini. Hakufika hospitali.

Msibani mama yake alinivuta chumbani. "Ni ule ule wa Khamis?"

"Nadhani ndiyo, mama. Sina hakika."

Hakulia. Aliuliza tu, "Na Time je?"

Time ni binti yake wa mwisho, mdogo wake Asya, yuko kidato cha nne. Jumatatu nampeleka kupima moyo, na sitosubiri mtu amalize chochote. Mama ameniruhusu kuandika haya ili wenye watoto kama Khamis wasikie.

Naiogopa Jumatatu, Asya. Ningekuuliza wewe maana ya majibu ya Time.

Mungu akurehemu, akukutanishe na mdogo wako. Lala salama, shoga yangu.