Posho ya Kuishi Mbali na Kwangu

Kutoka Morogoro hadi Dallas nilikuwa safarini siku mbili, na miguu ilivimba hata viatu vikakataa kuingia. Sikuwa mgeni wa safari. Tangu nimalize kidato cha nne nilishafanya kazi Mwanza, Mtwara na Lusaka, na kila mahali, ukifika mwezi wa tatu, nyayo zilianza kuniwasha. Safari hii kampuni yetu ya mashine za kujaza chupa ilinituma kwenye kiwanda kimoja Garland, kando ya Dallas, fundi wa miezi kumi.

Juu ya mshahara nilipewa posho ya kuishi mbali na nyumbani. Haikukatwa kodi, kwa masharti mawili: kazi isivuke mwaka, na niwe na makazi ninayoyatunza kwetu, ya kurudia. Nilitia saini nikiwa nimesimama. Nyumba si ninayo?

Ila funguo nilimwachia mdogo wangu, aliyekuwa ameoa karibuni. Kwetu nyumba haifungwi tu ikaachwa. Majirani wataanza kuuliza kama mwenyewe yu hai, na mchwa hawasubiri jibu. Nilimwambia akae na mkewe bure, waitunze, lakini chumba cha mbele na kitanda changu cha mninga visiguswe.

Baada ya miezi sita nilihamishiwa Houston. Nikapanga mtaa wa Sharpstown pamoja na Mkongomani mmoja wa kazi za ghala. Texas ni tambarare. Kila asubuhi nilifungua dirisha nikitafuta milima ya Uluguru, nikaona bango la wakili. Siku za mapumziko nilipanda basi lolote hadi mwisho wa njia, kisha nikarudi nalo.

Mwezi wangu wa tisa huko waliniongezea miezi miwili, kwa hiyo fomu ya posho ikabidi ijazwe upya. Dada mmoja Mkenya, wa ofisi ya kampuni iliyoko Plano, akanipigia.

"Umeandika Morogoro. Nani analala kwa hiyo nyumba?"

"Mdogo wangu na mkewe."

"Na gharama?"

"Wanabeba wao."

"Sawa. Sasa wewe ukifika huko leo, uko na mahali pa kulala?"

Nikamwambia nitampigia kesho. Nikampigia mdogo wangu.

"Shikamoo kaka!"

"Marahaba. Chumba changu kikoje?"

Akakohoa. "Kizuri tu. Mama mkwe yumo."

"Na kitanda?"

"Yuko juu yake."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. "Kaka, usikasirike. Tulijua ukitoka huko utaenda kwingine. Lini umewahi kurudi ukakaa?"

Nikakata simu. Mkongomani alikuwa anasikiliza huku anakoroga ugali. "Andika tu, yaya," akasema, akiniita kaka kwa lugha ya kwao, "kitanda kiko. Nani atapanda ndege aende kuangalia?" Akakoroga kidogo, kisha akasema bila kunitazama, "Mimi nyumba yangu walichoma. Weye yako iko mpaka na mama mkwe ndani, na unazunguka na mabasi."

Kesho yake nilimwambia yule dada kwamba mahali pa kulala sina.

"Basi hiyo posho itakatwa kodi kama mshahara," akasema. "Ama uende ukatoe huyo mama kwa kitanda yako."

Alikuwa anatania. Mimi niliikataa ile miezi miwili, nikamaliza kumi yangu.

Siku ya kuondoka mdogo wangu aliniandikia: mama mkwe ahamishwe leo au kesho? Nikamjibu asihamishwe, wanitandikie godoro sebuleni. Kitanda kingine nitachonga mwenyewe nikishafika.

Mkongomani alinipeleka uwanjani. "Utarudi," akasema.

"Sirudi. Safari hii nakaa."

"Weye!" Akapiga usukani kwa kucheka.

Ndani, chini ya ubao wa ratiba za ndege, nilisoma majina ya miji yote, mmoja mmoja, kabla ya kutafuta ndege yangu. Nyayo ziliwasha. Nikakaza kamba za viatu, nikaenda kupanga foleni.