Manju wa Yadi ya Makontena

Sauti ya Sostenes ilikuwa mali. Kwao Kharumwa, kabla hajajua kontena ni mdudu gani, vikundi vya kulima vilimgombea, maana shamba aliloliimbia liliisha jua likiwa bado changa. Wasukuma humwita mtu wa namna hiyo manju: yeye huimba, wenzake huitikia, majembe yanafuata. Na manju ana fimbo yake. Akiona mtu analegea, humtia jina kwenye wimbo, na hapo afadhali mtu azimie juu ya tuta kuliko kusikia jina lake likiitikiwa na kundi zima.

Ndiyo maana Enock, msimamizi wa vibarua katika yadi moja ya mizigo kati ya Kagongwa na Isaka, alimchukua. Makontena yakishuka melini Dar es Salaam hupanda treni, hufunguliwa yadini, na mizigo huhamishiwa kwenye malori ya Rwanda na Kongo. Ni kazi ya mabega, lakini Sostenes hakubeba hata mfuko. Alisimama juu ya kreti kivulini, shati limepigwa pasi, akaimba, na chini yake wanaume weupe kwa vumbi la simenti walipita mbio. Alijiona ameula, na kwa kweli alikuwa ameula.

Asubuhi moja lilifunguliwa kontena la mbolea. Bahari na reli vilikuwa vimeutikisa mzigo mpaka ukuta mzima wa mifuko ukainamia mlangoni. Kila kuli anajua kwamba mzigo wa namna hiyo huanzwa juu, kwa ngazi, taratibu. Lakini ukichomoa mfuko wa chini, ya juu huporomoka yenyewe mpaka mlangoni, na nusu ya kazi imekwisha. Enock aliitaka njia hiyo ya mkato.

Nkwabi, kijana aliyetangulia kwenye mstari, alitazama, akarudi nyuma.

"Huu ukuta umechoka, bosi," alisema. "Tuletewe ngazi tuanze juu."

Enock alimgeukia Sostenes akamwinulia kidevu, na ishara hiyo haikuhitaji mkalimani.

Sostenes aliuona ukuta. Kutoka juu ya kreti aliuona vizuri kuliko mtu yeyote, jinsi ulivyolala. Akaimba:

"Nkwabi kaoa juzi, mgongo kauacha kitandani!"

"Kauacha kitandani!" wenzake wakaitikia, mbavu hawana.

Nkwabi alicheka pia, kicheko cha mtu aliyebanwa mlango. Akaingia, akainama, akachomoa mfuko wa chini. Ukuta ukashuka wote.

Walimfukua akiwa hai, nyonga imevunjika.

Ofisa wa kazi alikuja, mama mmoja mtulivu jina lake Generosa. Enock akamweleza kwamba Nkwabi alikatazwa, akaingia kwa ukaidi wake. Habari hiyo ikisimama, yadi ingenawa mikono: matibabu na fidia, Nkwabi ajijue mwenyewe. Vibarua walipoulizwa wakatazama viatu vyao. Ikafika zamu ya Sostenes.

"Mimi nilikuwa naimba, mama," alisema. "Sikuona."

Nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli. Generosa akasema atarudi Ijumaa kufunga shauri.

Alhamisi Sostenes alibeba kuku akaenda Kagongwa kumjulia hali Nkwabi. Paskalina, mke wa Nkwabi, alimpokea kwa goti na kumwekea kigoda kando ya godoro.

"Shikamoo, Baba Martina," alisema Nkwabi.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Na wewe usijisumbue moyo. Nilijitakia. Ningekuwa na ngozi ngumu, ningeacha wacheke tu."

Hapo nje ikapita bodaboda, na dereva wake alikuwa anaimba kwa raha zake: Nkwabi kaoa juzi, mgongo kauacha kitandani. Wimbo ulikwishatoka yadini ukaingia mtaani, na waliouimba hawakujua mwenyewe amelala wapi. Paskalina aliacha kumfungua kuku kamba. Nkwabi akageukia ukutani.

"Wameupenda," alisema, bila kinyongo.

Sostenes alitamani atukanwe. Tusi angelijua la kulifanya. Msamaha wa mtu aliyelala hivyo ulimvua nguo. Aliaga bila kunywa uji aliopikiwa, na njia nzima aliona haya hata kwa watu asiowajua.

Ijumaa Generosa alikuja, akakaa kivulini na Enock. Kontena jingine likafunguliwa.

"Waimbie, manju," Enock akasema. "Mgeni aone tunavyofanya kazi."

Sostenes akapanda kreti. Akaimba:

"Nani kamwingiza Nkwabi?"

Wimbo ulikuwa mgeni, hakuna aliyejua kiitikio. Akakitoa mwenyewe:

"Sostenes, aliyeuona ukuta!"

Mstari ukasimama. Akarudia. Mara ya tatu Boaz, kuli mkongwe kuliko wote, akaitikia chinichini, kisha wakaitikia wote. Maisha yake yote Sostenes alikuwa ameitikiwa jina hilo kwa sifa.

"Badilisha wimbo," Enock alisema.

Generosa alikuwa amekwisha simama. "Shuka, baba," alisema. "Niambie bila kuimba."

Akashuka, akasema yote mbele ya wote: ngazi iliyoombwa, kidevu kilichoinuliwa, ukuta alioutazama huku akitafuta vina. Sauti yake iliyogombewa ilitoka kama ya mgonjwa. Wakati maelezo yake yanaandikwa, wenzake waliendelea na kazi bila manju. Safari hii walileta ngazi wakaanza juu, na kwa kuwa kazi bila wimbo ni nzito, waliuimba uleule.

Shauri la Nkwabi likapata miguu. Sostenes aliambiwa asirudi tena yadini, akaenda zake nyumbani.

Jumapili alimkuta Martina, binti yake, anapepeta mchele uani huku akiimba polepole ule wimbo wa aliyeuona ukuta. Alipomwona baba yake akanyamaza, akainamia ungo.

Sostenes akakaa kizingitini.

"Endelea tu, mama," alisema. "Wimbo ni wa kweli."