Pampu Mbili za Ishiara Zilizoitikia Namba Moja

Wasee, nimeona mambo kazini, lakini hii ya Ishiara ilinitoa jasho.

Ireri anabonyeza simu kuwasha pampu yake. Inawaka. Na ya mdogo wake Nyamu, upande ule mwingine wa shamba, inawaka pia!

Nyamu naye akibonyeza, simu inamwambia pampu yake haipatikani.

Mimi ni Karimi, fundi wa mitambo. Hizo pampu nilifunga mimi, kwa hivyo waliponipigia nilijua msalaba ni wangu.

Nikawakuta wanatupiana maneno.

"Karimi, huyu ananizamishia matikiti!" Nyamu akasema.

Kweli, shamba lake lilikuwa matope tupu na matikiti yameanza kuoza.

"Mimi nawasha yangu tu!" Ireri akafoka. "Nimechoka kusingiziwa. Leo nakata waya."

Umeme wote unatoka kwa Ireri. Akikata, Nyamu amekwisha.

"Ebu ngojeni kwanza," nikawaambia.

Iko hivi. Pampu zote mbili zinapata amri kutoka kwa kisanduku kimoja, tunakiita gateway. Kila pampu lazima iwe na namba yake ya stesheni, ndiyo ijue ni yenyewe inaitwa. Ya Ireri niliipa moja, ya Nyamu mbili.

Nikafungua boksi la Nyamu. Ndani kuna kigurudumu kidogo cha kuchagua namba, na kilikuwa kimegeuzwa. Moja!

Yaani gateway ikiita moja, zote zinaitika. Ikiita mbili, kimya.

"Kumbe ulitaka kuwa namba moja?" Ireri akamcheka.

"Haki sijagusa!"

Sikumwamini. Skrubu zilikuwa zimekwaruzwa vibaya, kazi ya mtu asiye na bisibisi.

"Ni mimi," mtu akasema nyuma yetu. Mama yao. "Nilitumia kisu cha jikoni."

Tukageuka wote.

"Siku ile ukifunga nilikuuliza namba ya Nyamu, ukasema mbili," akaniambia. "Karimi, huyu mtoto amekuwa wa pili tangu azaliwe. Nguo, za Ireri. Viatu, vya Ireri. Hata mimi miaka yote naitwa Mama Ireri, hakuna siku nimesikia Mama Nyamu. Nikaona, aki, hata kwa mashine?"

Nilihurumia huyo mama, wacha tu. Ireri akaangalia chini.

Nyamu akachukua bisibisi yangu, akarudisha mbili mwenyewe.

"Mathe, hii namba ni ya maji tu," akasema, machozi yakimlengalenga.

Ireri akabonyeza simu. Pampu moja tu ikanguruma. Akaizima, akachukua jembe.

"Nyamu, twende tutoe hayo maji kwa matikiti yako," akasema. Halafu akageuka. "Mama Nyamu, tuwekee chai."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta macho na leso.

Siku hizi nikifunga mitambo ya ndugu sianzii moja. Naweka kumi na saba na ishirini na tatu, halafu nanyamaza. Na wewe mzazi, kama kuna mtoto unaona amekaa nyuma sana, mwambie kwa mdomo kwamba unampenda. Wacha skrubu zangu.