Pazia la Mbugani

Idi iliyopita ilipokwisha, ami alinipigia simu akataka nimpeleke mbugani. Ami ni kaka yake baba. Siku hizi ni mzee, macho yamepofuka, na wanawe wako ng'ambo, hawamuulizi. Nilipomsikia akiitaja mbuga nilicheka kicheko kibaya, nikaisogeza simu mbali asinisikie. Kisha nikakubali. Ukitaka kujua kwa nini nilicheka, nivumilie kidogo.

Kama umekulia Mji wa Kale, wajua nyumba zetu zilivyobanana. Dirishani kwetu ulinyoosha mkono tu ukapokea bakuli la mbaazi kutoka kwa jirani. Ndiyo maana sisi watoto tuliingoja siku ya tatu ya Idi kuliko Idi yenyewe. Siku hiyo mwenye duka mmoja wa Bondeni alituazima lori lake, ukoo mzima ukapanda, tukavuka feri, tukashika njia ya Kwale mpaka juu kwenye hifadhi ya nyasi. Bibi, mama yake ami, alikuwa ameshaamka kabla ya alfajiri kupika biriani. Sufuria aliifunga shuka akakaa nayo ubavuni njia nzima, hakumwamini mtu. Machungwa ya Marikiti yalibingirika miguuni mwetu, na kila lori liliporuka shimo shangazi zangu walipiga kelele na kucheka.

Halafu tunashuka, na mbele yetu ni nyasi tupu, zinapanda na kuteremka mpaka macho yanachoka. Upepo wa huko ulikuwa na harufu ya majani mabichi na mvua. Sisi watoto wa vichochoroni hatukujua hata kukimbia moja kwa moja. Tulikuwa tumezoea kukata kona. Siku ile tulijifunza upya.

Lakini kabla hatujatandika mikeka, ami alisimamisha pazia. Yalikuwa mashuka mazito ya kitandani, aliyafunga kamba kutoka lorini mpaka kwenye miti ya ukingoni, pande zote, ili mpita njia asiwaone wanawake wa nyumba yetu. Mpita njia gani, sijui. Siku nzima walipita yangeyange tu, wale ndege weupe. Ami ndiye aliyekuwa na kauli tangu babu afariki, na kauli yake haikuwa na mjadala. Basi bibi alivuka bahari, akapanda mlima, akafika kwenye uwanja mpana kuliko wowote aliowahi kuukaribia, akaketi akitazama maua ya mashuka yake mwenyewe.

Alikuwa na dawa yake. Kila tulipoingia kutafuta kachumbari au sambusa, alitushika mkono.

"Mwaona nini huko? Ndoo hapa karibu, nambia."

Mimi ndimi niliyekuwa na maneno, nikawa macho yake. Mwaka mmoja nilimwona palahala, yule mnyama mweusi wa pembe ndefu zilizopindia nyuma, amesimama peke yake bondeni. Nilirudi mbio, roho juu. Bibi aliacha kila kitu. Akaniuliza tumbo lake rangi gani, nikamwambia jeupe. Uso je? Una michirizi. "Na akila, huinama moja kwa moja, au huangalia watu kwanza?" Nikatoka tena kwenda kuangalia. Huangalia watu kwanza.

Nilipomjibu, alimwita mwanawe.

"Mwanangu, teremsha upande huu mmoja tu. Nami nimuone."

Ami alikuwa anatafuna. Hata hakusimama.

"Mama, huko hakuna kitu. Ni nyasi tu. Mwakani inshallah nitakupeleka mahali pazuri zaidi."

Bibi alichukua chungwa akalimenya, ganda moja refu bila kukatika, akanipa mimi. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa, na tangu hapo nina donge na ami ambalo halijayeyuka.

Mwakani ilipofika, miguu ya bibi ilikataa kupanda lori. Kabla ya Idi nyingine tulikuwa tumeshamzika. Tulipokwenda tena, nikaambiwa nimekuwa msichana mkubwa, nikae ndani ya pazia pamoja na shangazi. Niliketi pale alipokaa yeye. Nikayajua maua yale yote.

Basi mwezi uliopita nilimpakia ami garini, tukavuka, tukapanda. Hakuna tena malori ya ukoo. Watu huja wanne wanne, chakula kimefungwa kwenye makopo ya plastiki, wanapigana picha, wanaondoka kabla ya adhuhuri. Wanawake hukaa popote wanapopenda, wamejifunika vizuri, na hakuna anayewasimamishia chochote. Nilifurahi kwa ajili yao na nikaumia papo hapo, kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo siku zote. Kamba moja tu ilikuwa ifunguliwe.

Nilimkalisha ami kwenye kiti, uso kwenye bonde. Nikamenya chungwa, ganda likanikatikia.

Na kule chini akatoka palahala. Mweusi, tumbo jeupe. Akatutazama kwanza, ndipo akainama kula. Moyo ulinienda mbio kwa bibi kabla sijakumbuka kwamba hakuna pa kukimbilia. Shangazi wamekwisha, lori limekwisha, hata mashuka yale yalichanwa matambara zamani. Aliyekuwa akinishika mkono nimwambie, yuko chini ya mchanga, na hakupata kuona.

Ami aliuelekeza uso wake kwenye upepo. Mkono wake ulinipapasa ukanishika.

"Mwanangu, waona nini huko? Nambia."

Palahala aliinua kichwa akatutazama tena.

"Hakuna kitu, ami," nikamwambia. "Ni nyasi tu."