Chakula cha Asili Kilichokuja kwa Basi

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa kutupa gunia zima la michembe ya mama yangu, kisha kukaa mezani na kumfundisha faida za vyakula vya asili.

Kwa asiyeijua, michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Huku kwetu Tabora huchemshwa na karanga zilizotwangwa, basi. Ukitaka kumwonyesha mtu chakula ambacho kiwanda hakijawahi hata kukisikia, unaweka kipande kimoja cha mchembe mbele yake na kuondoka. Mimi nilitazama gunia hilo stoo, nikaona rangi ya kijivu, nikaona vumbi, nikaamua ni sumu.

Sitajitetea kwamba sikuijua michembe. Nimeila tangu naanza kuota meno. Tatizo ni kwamba jana yake nilikuwa nimetazama video ya dakika nane kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa vyakula, na mtu aliyetazama video ya dakika nane ni mtu hatari. Sikunusa. Sikuvunja kipande hata kimoja kutazama ndani. Sikumuuliza mwenye gunia, aliyekuwa amekaa hatua kumi kutoka pale akipepeta mtama.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa stoo. Mwezi wa tatu mama alipimwa kliniki, presha ikaonekana imepanda. Nesi alizungumza maneno machache na mepesi: apunguze chumvi, apunguze mafuta, aachane na vitu vya pakiti na makopo, ale vyakula vya asili. Arudi baada ya miezi miwili. Isiposhuka, wataanza kumpa dawa. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mvua.

Mimi sikusikia mvua. Baba yangu alianguka asubuhi moja mlangoni pa bafu, taulo begani, na hakuinuka. Presha, walisema. Kwa hiyo nesi alipotamka neno lile, mimi niliona ule mlango. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Ipuli, nikiwa nimejipa cheo ambacho hakuna aliyenipa, na asubuhi iliyofuata nikaanza kazi.

Nilitoa vidonge vya kukolezea mchuzi. Nilitoa nyanya ya kopo, dumu la mafuta, sembe nyeupe pe. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na mtu mwenye akili angeishia hapo, akanunua dona na mchicha, akaenda kupumzika. Lakini mimi ni mtu ninayetengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe, na nimewahi kurudia kadi mia mbili kwa sababu ua la upande wa kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Bwana harusi hakuliona. Mpaka leo hajaliona. Mtu wa aina hii ukimwambia asafishe jiko, anasafisha mpaka chakula kinaisha.

Gunia nililiburuta mpaka kwa jirani yetu. Ni bibi wa Kizaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli, anafuga mbuzi watatu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mjukuu wa mpagazi, kwa kuwa babu zetu ndio waliobeba mizigo ya misafara kutoka pwani.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea chakula cha mbuzi."

"Marahaba, mjukuu wa mpagazi. Leo umebeba cha kwako mwenyewe?" Alichungulia ndani ya gunia, akanitazama, akachungulia tena. "Mama yako anajua?"

"Anajua kwamba nasafisha."

"Haya," akasema, na kulivuta gunia ndani haraka sana. Wakati ule nilidhani mbuzi wake wana njaa.

Baada ya kuondoa vyakula vyote visivyo vya asili, nikaagiza vya asili. Vilitoka Dar es Salaam kwa basi, vikiwa kwenye boksi lililofungwa kwa utepe. Palikuwa na oti za kupikia uji, mbegu za chia, maziwa ya lozi, mafuta ya zeituni na chumvi ya rangi ya waridi, kwa sababu chumvi ni mbaya isipokuwa ikiwa na rangi nzuri. Kila kimoja kilikuwa ndani ya pakiti, na kila pakiti ilikuwa na picha ya jani. Jani ndilo lililonithibitishia. Watu walitembea kutoka pwani mpaka mji huu wakala walichokuta njiani, kisha wakaendelea mpaka Ujiji. Mimi nilikaa Tabora, mbele ya soko lenye karanga, kunde, mlenda na asali, nikisubiri uji ushuke stendi.

Mama alikitazama kikombe cha kwanza kwa muda mrefu.

"Baba, hivi vinavyoteleza ni nini?"

"Ni mbegu, mama. Zinashusha presha."

"Waliozila kabla yangu wako wapi?"

"Wako wengi. Marekani huko."

"Wamepona?"

"Mama, kunywa."

Alikunywa. Alikunywa kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chakula asichokijua, na mimi nilikaa mkabala naye nikihesabu anavyomeza. Nakiri jambo hili kwa aibu: nilimtazama akitafuna. Kila mlo, kila siku. Akiacha vijiko vitatu, niliuliza kwa nini. Akimaliza, niliuliza kama ameshiba kweli au ananiridhisha. Chumvi niliipima kwa mizani ndogo ya jikoni, na mchanganyiko ukizidi kwa punje nilimwaga na kuanza upya. Ratiba ya chakula ya wiki niliichapa kwa rangi nne. Niliichapa mara tatu, kwani kisanduku cha Jumatano kilikuwa chembamba kuliko vingine, na haiwezekani mtu apone kwa kisanduku chembamba.

Mama akaanza kuwa na mambo mengi kwa jirani. Mchana akimaliza kula, yaani akimaliza kusogeza chakula kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule, anachukua ukili wake anakwenda kusuka mkeka kwa bibi. Nilifurahi. Kwenye video walisema wagonjwa wa presha wawe na marafiki.

Miezi miwili ilipotimia tulirudi kliniki. Presha ilikuwa imeshuka. Nesi alimfunga ile pampu mara mbili kuhakikisha, akasema vizuri sana, hakuna haja ya kumwanzishia dawa.

"Unakula nini, mama?" akauliza.

"Mwanangu ndiye anayepika," mama akajibu, macho chini.

Niliyoyafanya baada ya hapo nayaandika kwa sababu nimejiahidi kusema kweli. Nilimweleza nesi kuhusu oti. Nilimweleza kuhusu nyuzinyuzi, huku watu wakisubiri foleni nyuma yetu na mtoto mmoja akilia. Nilitoa ratiba ya rangi nne mfukoni, nikamuuliza kama angependa aipige picha awape wagonjwa wengine. Akaipiga. Mama alikuwa anatazama ukutani, kwenye bango la chandarua, kana kwamba limeandikwa siri ya maisha.

Wiki moja baadaye, saa kumi jioni, uji wa oti ulikuwa tayari na mama hajarudi. Uji ule ukipoa unakuwa kama gundi ya bahasha, hivyo nilikwenda kumwita. Sikubisha hodi, niliingia kwa mlango wa uani kama tulivyozoea.

Walikuwa wamekaa mkekani. Katikati yao palikuwa na bakuli la michembe iliyopikwa kwa karanga, nzito, inafuka moshi. Mama alikuwa amejaza kinywa. Aliponiona aliacha kutafuna, mashavu yamevimba, kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari.

"Karibu, mjukuu wa mpagazi," bibi akasema. "Au umekuja na mizani?"

"Bibi, hii si ile niliyokuletea ya mbuzi?"

"Niliwapelekea. Wakasema wao hawali chakula cha mtu aliye hai."

"Mama, ina ukungu hiyo."

Bibi akachukua kipande kikavu kutoka kwenye ungo, akakivunja, ta, akanipa. Ndani kilikuwa cheupe, safi, kinanukia viazi. "Kilichoharibika hakivunjiki hivi, kinakunjika. Na kinakuwa kichungu. Uliuliza?"

Nilikigeuzageuza kipande mkononi.

"Mnatupa chakula," akaendelea, sasa akimgeukia mama, "halafu mnasema ninyi ndio mliojenga njia."

"Bila sisi kubeba," mama akasema, amekwisha meza, "ninyi mpaka leo mngekuwa mnakula nazi tupu."

Wakacheka wote wawili. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu mwezi wa tatu, na sikuwa nimetambua mpaka dakika ile.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ile ile," bibi akasema. "Anakula hapa kila mchana. Mimi chumvi naonjesha tu, marehemu mume wangu alikuwa na presha vilevile, nimezoea. Mafuta ya nini, karanga si zina mafuta yake?"

Ndipo nikapiga hesabu. Presha iliyoshuka, ile niliyoitolea mhadhara kliniki, ilikuwa imeshukia huku uani. Sehemu yangu katika uponyaji wa mama ilikuwa kuliburuta gunia. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa sababu mama ni mzima. Furaha ilikuja, lakini ya pili. Iliyotangulia ni wivu. Nilimwonea wivu bibi wa miaka sabini kwa sufuria yake, na nikafikiria kwa sekunde chache nesi akiifuta ile picha.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Alikung'uta maganda ya karanga kwenye khanga yake, taratibu. "Ulikuwa unanitazama ninapotafuna, baba. Mtu hawezi kumeza akitazamwa hivyo. Unanitazama kama ulivyomtazama baba yako pale chini." "Mimi sijaanguka. Nimekaa, nina njaa."

Nilikaa pembeni ya mkeka. Bibi alinisogezea bakuli bila utani wowote, jambo ambalo lilinitisha kuliko utani. Nilikula. Ilikuwa tamu, nayo ilikuwa imebaki ya kupika siku mbili tu, ile ya kwenye ungo. Bibi alilionyesha gunia, limelala tupu kando ya mlango. Hapo nikaelewa kwamba bado sijamaliza, kwa sababu michembe hiyo ilitoka kwa dada yake mama anayeishi Nzega, na mtu wa kuomba nyingine alikuwa mimi. Nisipopata, mama angerudi kwenye uji wangu wa gundi, au angerudi kwenye vidonge vya mchuzi, na miezi miwili mingine nesi angefungua kabati la dawa.

Nilimpigia mama mkubwa simu asubuhi. Nilianza kwa salamu ndefu. Nikauliza mvua, ng'ombe, magoti yake.

"Sema shida," akasema.

"Michembe imeisha, mama mkubwa."

"Imeishaje? Nilipeleka ya kufika mwezi wa nane."

"Nilimpa jirani alishe mbuzi. Nilidhani imeharibika."

Nilitazama simu kama imekatika.

"Nilianika siku za mawingu, ndiyo maana ikawa ya kijivu," akasema hatimaye. "Nilikuwa naigeuza kila saa, na mgongo huu. Sitakupa nyingine. Njoo ukate."

Tulikwenda mwezi wa sita, mama na mimi. Viazi vilikuwa vimechimbwa siku mbili kabla na kuachwa vinyauke kidogo, kwani kiazi kibichi mno kinakatika vibaya. Tulikaa uani kwa mama mkubwa, kila mtu na kisu na beseni. Mimi nilikuwa nimekuja na rula. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu: nilibeba rula kutoka Tabora mpaka Nzega.

"Unapima kiwanja?" mama mkubwa akauliza.

"Vikilingana vitakauka pamoja."

"Jua linajua kazi yake. Kata."

Kufikia saa sita nilikuwa na vipande visivyojaza kikombe, vyote sawasawa, vizuri kiasi cha kuwekwa kwenye kadi. Mama alikuwa amemaliza mabeseni mawili. Alikata bila kutazama kisu, akizungumza na dada yake Kinyamwezi cha haraka nisichokimudu vizuri, na mara moja moja akitupa kipande kibichi kinywani. Tulibeba mabeseni mpaka kwenye jabali nyuma ya nyumba, tukatandaza. Vya kwao vilikuwa vinene na vyembamba, vimepinda, hakuna kinachofanana na mwenzake. Siku ya nne vyote vilivunjika ta, vyao na vyangu. Nilijaribu kutafuta tofauti. Haikuwepo.

Jioni hiyo mama mkubwa alipakua, na mama akala. Mimi niliangalia sahani yangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukata, na niliifanya vibaya, nikaiba macho mara mbili. Mama aliona. Aliongeza chakula.

Siku hizi mama anapika mchana na mimi napika jioni. Tunanunua sokoni Tabora, na nikiwa na shaka na chakula namuuliza kabla sijakigusa. Chumvi tunaitia kidogo, kwa vidole. Presha yake haijapanda tena, na anakula nyumbani.