Mtani Aliyenyamaza

Kila Jumatano tabibu wa zahanati alikuja nyumbani kwa pikipiki kunisafisha kidonda cha kisukari kwenye wayo wa kushoto. Yeye Mnyiramba, mimi Mnyaturu, kwa hiyo tulikuwa watani.

"Bado hujafa, Mnyaturu? Ng'ombe nitakayemdai msibani kwako nimeshamchagua."

"Nife, nani atakufundisha kunawa mikono?"

Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Vitabu vilinifundisha kwamba harufu ya kidonda kile haikuwa njema. Lakini kila nilipomuuliza alijibu, "Kinakwenda vizuri," nami nikamwamini kuliko pua yangu. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukuambia usoni lile ambalo ndugu hulimeza.

Jumanne moja nilitafuta kadi yangu ya kliniki kwenye sanduku la mke wangu. Ndani ya kitenge kilichokunjwa nilikuta barua ya rufaa kwenda hospitali, mwandiko wa tabibu. Ilisema nipelekwe haraka, vidole viwili viondolewe kabla ugonjwa haujapanda. Ilikuwa imeandikwa wiki tano nyuma.

Mke wangu alikuwa anapepeta uwele. Aliiona barua mkononi mwangu, akaendelea kupepeta.

"Baba yako alipoambiwa ukweli wa ugonjwa wake, aliacha kula," alisema. "Nilimwomba tabibu anyamaze mpaka tumalize kuvuna alizeti."

"Naye akakubali?"

"Alikubali."

Kesho yake tabibu alifika akicheka. Nilimpa barua kabla hajaketi.

"Mama watoto aliniomba sana, mzee wangu."

"Leo nimekuwa mzee? Wiki iliyopita nilikuwa Mnyaturu."

Akainamisha kichwa. Nilimwambia afungue kidonda, aandike barua nyingine, kisha aisome kwa sauti mbele yetu wote wawili. Alibonyeza wayo, akapanda hadi kwenye muundi, akabonyeza tena. Aliandika polepole. Aliposoma, vidole havikutajwa. Aliandika kwamba huenda mguu ukakatwa chini ya goti.

Mke wangu alijifunika uso kwa khanga. Sikumtazama. Nilimuuliza tabibu swali moja: siku ile alipoandika barua ya kwanza, vidole viwili vingetosha?

Nilisubiri anitukane, aseme lolote la utani.

"Vingetosha," alisema.